Kuchagua na Kutunza Bunduki Ndogo ya Kaliba .22: Mwongozo Unaoanzia Kwenye Risasi

Mtu anayetaka kununua bunduki ndogo ya kaliba .22, yaani yenye mtutu wa kipenyo cha inchi 0.22 hivi, kwa kawaida huanza kwa kuitazama bunduki yenyewe: urefu wa mtutu, rangi ya mbao, uzito wake mkononi. Mwongozo huu unaanzia mahali pengine, kwenye risasi, kwa kuwa karibu kila uamuzi utakaofanywa dukani na karibu kila kazi ya usafi itakayofanywa mezani hutokana na jinsi risasi hii ilivyoundwa. Kabla ya yote, mnunuzi ahakikishe kwamba anacho kibali kinachodaiwa na sheria ya mahali alipo, cha silaha na cha risasi pia, maana udogo wa kaliba hauiondoi bunduki hii katika hesabu ya silaha za moto.

Hatua ya kwanza: ijue risasi

Risasi za bunduki kubwa hubeba fataki, yaani kiwashio cha baruti, katikati ya kitako cha ganda, ndani ya kikombe kidogo kinachoweza kung'olewa na kubadilishwa. Risasi za bunduki hii hazina kikombe hicho. Unga wa fataki huwekwa ndani ya ganda ukiwa na unyevu, kisha ganda huzungushwa kwa kasi hadi unga uingie kwenye ukingo uliokunjwa kuzunguka kitako chake. Pini ya kufyatulia inapoubana ukingo huo kwenye chuma cha chemba, tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, unga hulipuka na kuiwasha baruti. Ndiyo sababu risasi hizi huitwa rimfaya, yaani zile zinazowaka ukingoni.

Muundo huo una gharama zake. Ganda halina budi kuwa jembamba kiasi cha kubonyezwa na pini, kwa hiyo haliwezi kuhimili mgandamizo mkubwa wa gesi, na nguvu ya risasi hubaki ndogo. Ganda likishafyatuliwa ukingo wake umebonyea na fataki imekwisha, hivyo halijazwi tena, na mpiga shabaha hubaki akitegemea kile kiwanda kilichomtengenezea. Aidha, unga usiposambaa sawasawa ukingoni, pini inaweza kugonga mahali pakavu, na risasi ikagoma hata katika bunduki isiyo na kasoro yoyote. Anayejua hilo mapema hataishuku bunduki yake kila mara risasi inapokataa kulia.

Aina hii ya risasi ni ya zamani. Kampuni ya Smith & Wesson ilitoa .22 Short mwaka 1857 kwa ajili ya bastola yake ya kwanza, na miaka thelathini baadaye, mwaka 1887, kampuni ya Marekani ya J. Stevens ikatoa .22 Long Rifle, ambayo mpaka sasa ndiyo inayofyatuliwa kwa wingi kuliko zote za kundi lake. Mwaka 1959 Winchester walileta .22 WMR (Winchester Magnum Rimfire), yenye ganda refu na nene zaidi, na mwaka 2002 Hornady wakaleta .17 HMR (Hornady Magnum Rimfire), ambayo ni ganda la .22 WMR lililobanwa shingo ili lishike kichwa, yaani kile kipande kinachotoka mtutuni, chembamba zaidi.

Kichwa cha .22 Long Rifle ya kawaida kina uzito wa gramu 2.6 hivi. Zile za kasi ya kawaida hutoka mtutuni kwa takribani mita 330 kwa sekunde, chini kidogo ya kasi ya sauti, na zile za kasi kubwa hufikia karibu mita 380. Kichwa chenyewe kwa kawaida ni risasi tupu, madini hayo hayo, kikiwa kimepakwa nta au grisi kwa nje. Kiswahili hutumia neno moja kwa madini na kwa kinachotoka mtutuni, na katika bunduki nyingi za leo usemi huo hauko sahihi sana, kwa sababu vichwa vyake vimevikwa shaba, lakini katika .22 Long Rifle usemi huo bado ni wa kweli neno kwa neno. Jambo hilo litarudi tutakapofika kwenye usafi, kwa kuwa nta ile ndiyo inayoulinda mtutu na ndiyo inayouchafua.

Kichwa cha .22 WMR huwa kimevikwa shaba, uzito wake unakaribiana na huo, na kasi yake ni takribani mita 570 kwa sekunde. Kile cha .17 HMR kina gramu 1.1 tu lakini hutoka kwa karibu mita 770 kwa sekunde na huruka kwa mstari ulionyooka zaidi. Hizi mbili humfaa mtu anayewinda wanyama waharibifu wa mashamba wa ukubwa wa sungura kwa umbali wa mita 100 au kuzidi kidogo. Kwa bunduki ya kwanza, ushauri wangu ni .22 Long Rifle bila kusitasita: ni ya bei nafuu kuliko nyingine, haina teke la kumtisha anayejifunza, na hupatikana kwa namna nyingi, kuanzia ile ya mazoezi hadi ile ya mashindano ya Olimpiki ya mita 50, ambako duara la pointi 10 lina kipenyo cha milimita 10.4 tu.

Onyo moja halina nafasi ya mjadala. Risasi ya .22 Long Rifle huingia kwa urahisi kwenye chemba ya .22 WMR, kwa sababu chemba hiyo ni pana zaidi, lakini ikifyatuliwa humo ganda hupasuka na gesi ya moto hurudi nyuma kuelekea usoni. Maandishi yaliyochongwa juu ya mtutu yasomwe, na risasi itakayotumika ifanane nayo kwa jina lote, si kwa tarakimu 22 peke yake. Risasi fupi za .22 Short zinakubalika katika bunduki nyingi za .22 Long Rifle zenye boliti (komeo la chuma linalofunga nyuma ya chemba), ila huacha pete ya uchafu mbele ya ganda lake fupi, na pete hiyo ikiongezeka risasi ndefu huanza kukwama.

Udogo wa risasi usimdanganye mtu kuhusu umbali pia. Mtutu ukiinuliwa, kichwa cha .22 Long Rifle kinaweza kusafiri takribani kilomita 2 kabla ya kutua, na kwa kuwa huenda polepole na hakivunjiki kwa urahisi, hupaa tena kikigonga maji, jiwe au udongo mgumu. Mahali pa kulengea panahitaji tuta la udongo laini nyuma yake.

Hatua ya pili: chagua mtambo wa kufyatulia

Bunduki ya boliti hufunguliwa kwa mkono baada ya kila mlio. Ganda la zamani hutoka na risasi mpya huingia. Mtambo wake una vipande vichache, hufunga chemba kwa uthabiti, hukubali risasi za kasi yoyote, na boliti ikitolewa mtu huona mtutu wote kutoka nyuma hadi mbele. Sifa hiyo ya mwisho inaonekana ndogo dukani, lakini kwa mtu atakayeisafisha bunduki hiyo kwa miaka ishirini ni kubwa kuliko mapambo yote. CZ ya Jamhuri ya Cheki na Anschütz ya Ujerumani zimejijengea jina kwa bunduki za namna hii, ya pili hasa kwa wapiga shabaha wa mashindano.

Bunduki inayojipakia yenyewe hutumia msukumo wa ganda linaporudi nyuma ili kufungua boliti na kuingiza risasi nyingine. Ruger 10/22, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964 ikiwa na magazini (kikasha cha risasi) ya mzunguko ya risasi 10, ndiyo inayojulikana kuliko zote. Ni ya kufurahisha na ni nyepesi, lakini ina masharti: risasi dhaifu haziisukumi boliti vya kutosha, chemba chafu huifanya ikwame, na sehemu ya nyuma ya mwili wake imezibwa, kwa hiyo mdeki, ule ufito wa kusafishia mtutu, hauwezi kupitishwa kutoka nyuma. Baadhi ya nchi huzuia aina hii au huidhibiti kwa ukali zaidi, na swali hilo liulizwe kabla ya kulipa fedha. Kuna pia zile za wenzo na za kuvuta mkono wa mbele, ambazo zina watu wake wanaozipenda, na ile ya risasi moja moja, ambayo kwa kijana anayejifunza chini ya usimamizi wa mtu mzima naiona bora kuliko zote, maana humlazimisha kufikiri kabla ya kila mlio.

Hatua ya tatu: ipime mwilini

Muuzaji akishahakikisha mbele yako kwamba chemba na magazini ni tupu, nawe ukahakikisha tena kwa macho na kwa kidole, omba ruhusa ya kuiweka begani. Fumba macho, ipandishe kama unayelenga, kisha fumbua. Ikiwa jicho limekutana na vilengeo au katikati ya darubini bila kunyoosha shingo wala kukunja kichwa, kitako kinakufaa. Urefu kutoka kwenye triga hadi mwisho wa kitako kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida huwa karibu sentimita 34 au 35. Mtoto au mtu mfupi anayepewa kitako kirefu hujifunza kuegemea nyuma, na tabia hiyo haitoki upesi. Vitako vinavyoongezwa urefu kwa vipande vya katikati ni suluhisho zuri kwa kijana anayekua.

Uzito una pande mbili. Bunduki ya kilo 2.5 hubebeka siku nzima bila kuchosha, lakini hutikisika kwa kila pumzi. Ile ya kilo 3.5 au 4 hutulia yenyewe mikononi. Anayepiga shabaha akiwa amelala au ameketi mezani achukue nzito, na anayetembea nayo shambani achukue nyepesi. Mtutu mrefu hauna faida ya kasi ambayo wengi huidhania. Baruti ya .22 Long Rifle huwa imekwisha kazi yake katika sentimita 40 hadi 45 hivi za mwanzo, na urefu unaozidi hapo husaidia tu kutenganisha vilengeo vya nyuma na vya mbele, jambo linalomfaa asiyetumia darubini.

Triga ndiyo sehemu ambayo ningeitazama kwa muda mrefu kuliko zote. Ikiwa mtengenezaji anaruhusu, ivutwe chemba ikiwa tupu au ikiwa na risasi bandia ya mazoezi, mara kadhaa, polepole. Triga nzuri husimama, kisha hukatika ghafla bila kuburuza, na kwa matumizi ya kawaida uzito wa kilo 1 hadi 2 unatosha. Kanuni za biathlon, mchezo wa kuteleza kwenye theluji na kulenga shabaha kwa mita 50, haziruhusu triga laini kuliko gramu 500, na hao ni watu wanaoishi na bunduki zao. Kwa mwanzilishi, triga laini mno ni hatari inayosubiri kidole kizembe.

Kuhusu darubini, kuna jambo moja ambalo wauzaji hulisahau. Darubini nyingi za bunduki kubwa zimepangwa kiwandani ziwe sahihi kwa mita 100 au zaidi. Zikitazamiwa shabaha ya mita 50, msalaba wake huonekana kuhama juu ya shabaha kila jicho linaposogea, na mpiga shabaha hujilaumu bure. Itafutwe darubini iliyotengenezwa kwa ajili ya .22, au yenye gurudumu la kurekebisha umbali. Vibano vyake vilingane na reli ya bunduki, kwa kuwa bunduki nyingi za kaliba hii zina mfereji mwembamba wa milimita 11 na si reli pana ya bunduki kubwa.

Hatua ya nne: kagua kwa makini ile iliyotumika

Bunduki ya .22 iliyotunzwa haizeeki upesi, kwa sababu risasi tupu na mgandamizo mdogo havili mtutu kama inavyotokea kwa bunduki kubwa. Kwa hiyo iliyotumika inaweza kuwa nafuu ya kweli, mradi ikaguliwe.

Anza kwa kufungua mtambo na kuthibitisha utupu wake. Vua boliti, elekeza mtutu kwenye mwanga, tazama kutoka nyuma. Michirizi ya ndani ionekane yenye kingo kali na isiyo na madoa meusi ya kutu. Ukiona kivuli cha duara, kama pete iliyojichora mahali pamoja, huenda mtutu umevimba kwa kufyatuliwa ukiwa na kizuizi ndani. Iache bunduki hiyo, hata kama muuzaji ataapa. Kagua mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu ndiyo sehemu ya mwisho kuigusa risasi, na mkwaruzo mdogo wa upande mmoja huipotosha.

Kisha angalia ukingo wa nyuma wa chemba, mahali pini inapogonga. Wengi waliozoea kuvuta triga ya .22 bila kitu ndani wameuachia ukingo huo alama, kwa kuwa pini isipokutana na ukingo wa ganda hugonga chuma chenyewe. Chuma kilichobonyea hutoa kichomozo kinachoingia chemba, na risasi huanza kuingia kwa shida au kutotoka. Fundi bunduki anaweza kuurekebisha, lakini bei ishuke kwa kiasi hicho. Bunduki nyingi za siku hizi zimetengenezwa ili pini isifike kwenye chuma, na kitabu cha mtengenezaji husema wazi kama jambo hilo linaruhusiwa.

Tazama pia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimeparuliwa, kuna mtu ameifungua bunduki kwa bisibisi isiyofaa, na haijulikani alichogusa ndani. Jaribu kizuizi cha usalama: kiwashe, vuta triga kwa nguvu ya wastani, iachie, kisha kizime bila kugusa triga, ikilia hapo, bunduki ni mbovu na ni hatari. Ukiruhusiwa kufyatua risasi chache, okota maganda. Alama ya pini iwe ya kina na iwe ndani ya ukingo, ganda lisiwe limepasuka wala kuvimba karibu na kitako.

Hatua ya tano: acha bunduki ichague risasi yake

Kila bunduki ya kaliba hii ina chakula inachokipenda, na hakuna anayeweza kukijua kwa kuitazama. Bunduki mbili zilizotoka kiwandani siku moja zinaweza kutofautiana kabisa, moja ikikusanya matundu matano ndani ya sarafu moja na nyingine ikiyatawanya kwa risasi zile zile. Nunua pakiti moja moja za aina nne au tano, zikiwamo angalau mbili za kasi ya kawaida. Weka shabaha mita 50, egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, na kwa kila aina fyatua kwanza risasi kumi hivi zisizohesabiwa, ili nta ya aina iliyotangulia itoke na ya aina mpya ijipake mtutuni. Kisha piga makundi manne au matano ya risasi tano tano. Kundi moja zuri halithibitishi chochote, na wengi wetu tuna karatasi moja ya kujivunia ambayo haijawahi kurudiwa.

Usishangae zile za kasi ya kawaida zikishinda. Risasi ya kasi kubwa huanza juu ya kasi ya sauti na hushuka chini yake ikiwa bado njiani, na kukingwa na hewa katika mpito huo huipotezea kasi nyingi. Matokeo yake ni kwamba upepo wa pembeni huisukuma zaidi ya ile iliyoanza polepole. Ukishapata aina inayokubaliwa na bunduki yako, soma namba ya toleo kwenye pakiti na ununue nyingi za toleo hilo hilo kadiri kibali chako kinavyoruhusu.

Vilengeo vikishaoanishwa kwa mita 50 na risasi ya kasi ya kawaida, tarajia kwamba kwa mita 100 itatua chini kwa sentimita 15 hadi 20 hivi. Ipime mwenyewe na uandike, maana tofauti ya risasi na kimo cha darubini hubadilisha hesabu.

Hatua ya sita: safisha kinachohitaji kusafishwa

Hapa ndipo wamiliki wenye bidii huharibu bunduki zao. Fataki za zamani ziliacha chumvi iliyovuta unyevu na kuozesha mtutu kwa usiku mmoja, na tabia ya kusugua mtutu kila jioni imetokana na enzi hizo. Fataki za sasa haziachi chumvi hiyo, na nta ya risasi hubaki kama ngozi nyembamba ya kinga. Mtutu wa .22 Long Rifle uliofyatuliwa katika hali kavu unaweza kuachwa hadi usahihi uanze kushuka, pengine baada ya mamia kadhaa ya risasi, ilhali chemba, boliti na kucha ya kutolea ganda huhitaji kufutwa kila baada ya siku ya kulenga. Bunduki iliyolowa mvua au kushikwa na mikono yenye jasho ifutwe siku hiyo hiyo.

Tayarisha meza yenye mwanga na hewa inayopita, na uondoe kila risasi kwenye chumba hicho. Unahitaji mdeki wa kipande kimoja uliovikwa plastiki, brashi ya nyuzi za shaba ya kaliba .22, ncha ya kubebea kitambaa, vipande vya kitambaa cha pamba, mswaki wa zamani, dawa ya kuyeyushia uchafu wa baruti na mafuta mepesi ya bunduki. Ya kaliba .17 hudai mdeki mwembamba wa kwake. Mideki ya vipande vitatu vya kuunganisha inauzwa rahisi, nayo hupinda katikati na kukwaruza mtutu kwenye viungio. Afadhali kamba ya kuvuta yenye brashi ndani yake.

Thibitisha kwamba chemba ni tupu, toa magazini, vua boliti. Ingiza bomba la kuongozea mdeki mahali pa boliti, ili mdeki upite katikati na dawa isitiririke kwenye triga. Pitisha kitambaa chenye dawa kutoka nyuma kwenda mbele, kiangukie nje ya mdomo wa mtutu, na usikirudishe ndani, kwa kuwa ungekuwa unarudisha uchafu ulioutoa. Subiri dakika kumi. Kama mtutu una magamba ya kijivu ya risasi, pitisha brashi mara tano au sita. Kama hauna, iache brashi mezani. Malizia kwa vitambaa vikavu hadi vitoke na rangi ya kijivu hafifu. Kungojea kitambaa cheupe kabisa ni kujichosha. Kwa .22 Long Rifle dawa kali ya kutolea shaba haina kazi, ila .22 WMR na .17 HMR zenye vichwa vilivyovikwa shaba zitaihitaji mara moja moja. Kwa bunduki isiyofunguka nyuma, tumia kamba ya kuvuta kutoka kwenye chemba kwenda mbele. Ikilazimu mdeki kupitia mdomoni, weka kikinga cha plastiki ili chuma kisisugue ukingo wake.

Chemba ipewe zamu yake peke yake. Mbele kidogo ya mahali ganda linapoishia hujengeka pete ngumu ya masizi na nta, ambayo huwafanya wamiliki wengi kuamini kwamba mtutu umechakaa. Lowesha brashi kwa dawa, iingize chemba, izungushe kwa mkono bila kuisukuma mtutuni, iache dakika kumi au kumi na tano, kisha futa. Rudia kama risasi bado inahitaji kusukumwa kwa kidole gumba ili iingie.

Uso wa boliti usuguliwe kwa mswaki, hasa chini ya kucha, maana chembe ya nta ngumu hapo hufanya ganda liponyoke na kubaki ndani. Paka tone moja la mafuta kwenye sehemu zinazosuguana, kisha lifute mpaka libaki ng'aro tu. Mafuta mengi hukusanya vumbi na unga wa baruti na kuwa matope yanayopunguza nguvu ya pini. Yakifika kwenye risasi yanaweza kuiua fataki. Magazini ifutwe kavu, isipakwe chochote. Skrubu za kitako zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, kwa sababu kulegea kwake ni chanzo cha kawaida cha usahihi uliopotea ghafla.

Kazi ikiisha, osha mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa chakula. Vumbi la .22 lina madini ya risasi yanayotoka kwenye kichwa na kwenye fataki, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Vitambaa vilivyotumika vitupwe ndani ya mfuko uliofungwa.

Risasi inapogoma

Triga ikivutwa na mlio usisikike, endelea kuelekeza mtutu kwenye shabaha na uhesabu sekunde 30, kwa kuwa fataki huweza kuchelewa. Kisha toa risasi na uisome alama yake. Alama ya kina inayoonekana vizuri ina maana kwamba bunduki imefanya kazi yake na kosa ni la risasi. Kuigeuza ili pini igonge upande mwingine wa ukingo mara nyingi huifanya ilie. Alama hafifu huelekeza kwenye boliti: mafuta yaliyoganda, springi iliyochoka, ncha ya pini iliyolika, au chemba chafu iliyoizuia risasi isikae mwisho wake, hivi kwamba pigo la pini linaishia kuisukuma badala ya kuibonyeza. Zikigoma mbili tatu mfululizo zenye alama hafifu, acha kufyatua na usafishe kabla ya kumtafuta fundi.

Mlio mdogo kuliko kawaida, au teke lisilohisiwa kabisa, ni jambo jingine na ni kubwa zaidi. Huenda kichwa kimekwama mtutuni. Usifyatue nyingine. Toa risasi zote, vua boliti, utazame mwanga kutoka nyuma, na kama haupiti, mpelekee fundi bunduki akitoe.

Hatua ya saba: ihifadhi

Bunduki ilale tupu, ndani ya kabati la chuma lililofungwa, risasi zikiwa mahali pengine palipofungwa kwa ufunguo mwingine. Boliti ikiwekwa kando ni bora zaidi. Mifuko ya ngozi na ya sponji ni ya safari tu, kwani hushika unyevu na kuufikisha kwenye chuma. Usizibe mdomo wa mtutu kwa kitambaa: unyevu hunaswa ndani, na siku moja kitambaa kitasahauliwa humo. Pakiti chache za chembe za kunyonya unyevu ndani ya kabati husaidia, mradi zikaushwe au kubadilishwa zinapojaa. Ikiwezekana isimamishwe mdomo ukielekea chini, juu ya kipande cha zulia, ili mafuta yanayoteremka yasilowanishe mbao na triga.

Siku ya kuitoa tena, thibitisha utupu wake, pitisha kitambaa kikavu mtutuni ili mafuta yatoke, utazame mwanga mara ya mwisho, na usihukumu risasi za kwanza tano hadi kumi. Mtutu uliosafishwa huzipotosha mpaka nta irudi mahali pake.